Puto Ndani, Kishikizo Nje: Kuufunga Mpira wa Mkojo Usivutwe

Hotuba kwa wauguzi, maafisa wa kliniki, wahamasishaji wa afya ya jamii na wanaouguza nyumbani, Kisumu

Wauguzi wakuu, maafisa wa kliniki, wahamasishaji wa afya ya jamii mliofika kutoka Seme, Nyando, Vihiga na Busia, nanyi mnaouguza wazazi wenu nyumbani: hamjambo, na karibuni.

Mpira wa mkojo, yaani katheta, ukishaingia kibofuni na mkojo ukaanza kutiririka, watu wengi huona kazi imekwisha. Puto linaloushikilia ndani ya kibofu limejazwa, mfuko umetundikwa, faili limeandikwa, muuguzi anaelekea kitanda cha pili. Hapo hurukwa kazi ya dakika tatu, nayo ni kuufunga mpira kwenye paja au tumbo. Anayeiruka hudhani puto litaushika. Litaushika usidondoke, ni kweli, lakini halikutengenezwa kubeba mvuto. Uzito wowote usiobebwa na kishikizo cha nje hubebwa na shingo ya kibofu na njia ya mkojo ya mgonjwa. Hilo ndilo tulilokuja kusema, pamoja na namna ya kulitekeleza hata pale stoo isipokuwa na kishikizo cha kununua.

Tuanze ndani ya kibofu. Mpira huu hubeba jina la Frederic Foley, daktari Mmarekani, na umekuwa sokoni tangu miaka ya 1930 bila umbo lake kubadilika sana. Una njia mbili: moja pana ya mkojo, nyingine nyembamba sana ya kupeleka maji kwenye puto. Matundu ya kupokea mkojo yako kwenye ncha, juu ya puto. Puto lenye mililita 10 huwa duara la karibu sentimita 2.7, lenye mililita 30 hukaribia sentimita 3.9. Duara hilo hukalia shingo ya kibofu, mahali penye hisia kali kuliko sehemu nyingine zote za kibofu. Mpira ukivutwa, puto hushuka na kukandamiza hapo. Mgonjwa anasikia haja ya kukojoa hata kibofu kikiwa kitupu, kibofu kinajikaza, na mkojo unapita kando ya mpira na kulowesha shuka. Na mvuto si mdogo. Mfuko wa kawaida wa kitandani hubeba lita 2, na lita 2 za mkojo ni kilo 2. Ukichomoka kwenye ndoano yake usiku, kilo hizo zote mbili zinaning'inia kwenye shingo ya kibofu cha mtu aliyelala.

Shuka ikishalowa, wazo la kwanza la wengi ni kwamba mpira ni mwembamba. Unatolewa wa Fr 16 (Fr ni kipimo cha unene wa mpira), unawekwa wa Fr 20. Bado unavuja. Unawekwa wa Fr 22, na puto linaongezwa maji mpaka mililita 30. Kwa kufanya hivyo tumezidisha kilekile kilicholeta shida, maana puto kubwa hugusa sehemu kubwa zaidi ya shingo ya kibofu na mpira mnene hubana kuta za njia ya mkojo. Kabla ya kufikiria saizi, fuata mpira kwa mkono kutoka mwilini hadi mfukoni. Je, umekunjika? Umelaliwa? Umevutika mpaka ukanyooka kama kamba? Mgonjwa amepata choo lini? Choo kigumu kikijaa husukuma kibofu na kubana mpira, na hapo dawa ya kulainisha choo huponya kuvuja ambako mpira mnene usingeponya. Halafu ndipo utafute mawe, damu iliyoganda na maambukizi.

Wanaume wana hatari yao. Njia yao ya mkojo ina urefu wa sentimita 18 hadi 20, na ina kona pale uume unapokutana na korodani. Mpira ukiachwa uning'inie kati ya mapaja hukandamiza ukuta wa chini wa kona hiyo pamoja na mdomo wa uume, usiku na mchana. Kwanza ngozi inakuwa nyekundu, kisha panatoka usaha kidogo, kisha mdomo wa uume unaanza kupasuka upande wa chini na mpasuko unarefuka kuelekea korodani. Mzee anayengoja kupasuliwa tezi dume kwa miezi kadhaa anaweza kufika kwenye chumba cha upasuaji akiwa na jeraha baya kuliko tezi yenyewe. Mpasuko huo haujifungi. Unahitaji upasuaji wake, na haukuwa wa lazima tangu mwanzo.

Kwa mwanamke njia ni fupi, kama sentimita 4 tu, kwa hiyo mvuto hufika kwenye shingo ya kibofu bila kupungua. Ikivutwa kwa miezi, njia hupanuka mpaka mpira unatoka wenyewe puto likiwa limejaa. Hapo tena kuna anayetafuta mpira mnene zaidi, na njia inazidi kupanuka. Kwa mama aliyeshonwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, jambo ni zito kuliko hilo. Puto linalovutwa linaweza kukwaruza mshono, na mpira uliokunjika hujaza kibofu mpaka mshono ukaachia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza siku 7 hadi 10 za mpira baada ya kushona fistula isiyo ngumu, na siku zote hizo mpira huo unastahili kuangaliwa kila saa chache.

Waliopooza kuanzia kiunoni wasisahaulike. Wao hawasikii maumivu, kwa hiyo hakuna atakayelalamika. Lazima uinue shuka na kutazama kwa macho, kila siku, wakati wa kuosha.

Kuhusu maambukizi tutasema kwa ufupi. Mpira usiofungwa hutembea milimita chache ndani na nje kila mgonjwa anapogeuka, na sehemu iliyokuwa nje yenye jasho na uchafu inaingia ndani. Mwenye mpira ana uwezekano wa asilimia 3 hadi 7 wa kupata bakteria kwenye mkojo kwa kila siku inayopita. Mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wa mwaka 2009 unaagiza mpira ufungwe mara tu unapowekwa, ili usitembee wala kuvuta. Na bila shaka kinga kubwa kuliko zote ni kuutoa mpira ambao hauhitajiki tena. Swali la "bado anauhitaji?" liulizwe kila asubuhi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kishikizo kizuri hakiwezi kuokoa mpira uliochaguliwa vibaya. Fr ni unene wa nje: gawanya kwa 3 upate milimita. Fr 12 yenye shingo nyeupe ni milimita 4, Fr 14 ya kijani ni kama 4.7, Fr 16 ya rangi ya chungwa ni kama 5.3, Fr 18 nyekundu ni 6. Mwanamke hutoshwa na 12 au 14, mwanamume 14 au 16. Kubwa zaidi ya hapo iwe kwa sababu iliyoandikwa, kama vile damu iliyoganda. Ujazo wa puto umechapishwa kwenye mkono wa vali, ule wa kujazia puto, usome, usikisie. Kwa mtu mzima asiyetoka kwenye upasuaji wa tezi, puto la mililita 10 ndilo sahihi. La mililita 30 ni zito, tena huinua matundu juu zaidi, hivyo mkojo mwingi unabaki chini yake bila kutoka. Ukilijaza pungufu, puto huvimba upande mmoja na ncha ya mpira inaegemea ukuta wa kibofu. Ukilijaza kupita kiasi, linaweza kupasuka.

Jaza kwa maji ya sindano. Maji ya chumvi yanaweza kuacha chembe zitakazoziba ile njia nyembamba, na hewa huvuja na kulifanya puto lielee. Kwa mwanamume, ingiza mpira mpaka kwenye njia panda yake, pale mikono miwili inapoachana, uone mkojo, ndipo ujaze. Mgonjwa akishtuka kwa maumivu unapojaza, simama hapo hapo, nyonya maji yote na uusukume mpira ndani zaidi, kwa sababu puto liko ndani ya njia na linaipasua. Likishajaa, vuta kwa upole mno mpaka uhisi limegusa shingo ya kibofu, kisha lirudishe ndani kama sentimita 2. Watu wengi huacha hatua hii ya kurudisha, na hapo wanamfungia mgonjwa mvuto kwa mikono yao wenyewe.

Mpira wa lateksi uliopakwa tefloni hukaa hadi siku 28, wa silikoni hadi wiki 12. Silikoni hupitisha maji polepole, kwa hiyo puto hunywea kadiri wiki zinavyosonga. Mpira ukianza kushuka wenyewe, maji ya puto nayo yapimwe. Mafuta ya kujipaka ya petroli yasiguse lateksi, huilainisha na kuipasua. Tumia jeli ya maji.

Mahali pa kufunga: kwa mwanamke, sehemu ya juu ya paja, mbele, kidogo kuelekea ndani. Kwa mwanamume anayetembea, juu ya paja upande wa mbele. Kwa mwanamume wa kitandani atakayekaa na mpira muda mrefu, fungia tumboni chini ya kitovu, uume ukielekezwa juu, kwa sababu mkao huo huinyoosha ile kona ya korodani. Badilisha upande kila unapobadilisha kishikizo, leo kulia, mara nyingine kushoto. Mpira upite juu ya paja. Ukipitishwa chini ya paja, mgonjwa anaulalia, unaziba na unamtoboa ngozi.

Kishikizo kishike wapi kwenye mpira? Kwenye njia panda, maana hapo ni pagumu na hapabonyei. Kamwe usifunge uzi kuuzunguka mpira laini. Uzi hubana ile njia nyembamba ya puto, na siku ya kutoa maji hayatoki. Mkono wa vali uachwe wazi, usifunikwe na plasta.

Na ulegevu: kati ya mwili na kishikizo pabaki mpira wa sentimita 3 hadi 5 uliopinda kidogo. Upime mguu ukiwa umenyooka na umepanuliwa kando, kisha mwambie mgonjwa anayeweza asimame na akae. Ikiwa mpira unakazika katika mkao wowote kati ya hiyo, fungua uanze upya. Ukifunga mgonjwa akiwa amekunja goti, utakaza mara tu atakapolinyoosha.

Kishikizo cha kiwandani ni pedi yenye gundi, na juu yake kibano cha plastiki chenye kifuniko. Kizuri ni kile ambacho kibano chake huzunguka mgonjwa anapogeuka. Soma pakiti, kwa kuwa kuna vya lateksi, vya silikoni, na vya mpira wa njia tatu (wenye njia ya ziada ya kusafishia kibofu), na kisicholingana ama hubana ama huachia. Punguza nywele kwa mkasi bila kunyoa kwa wembe, osha kwa maji na sabuni, kausha, paka kinga ya ngozi iliyo ndani ya pakiti na uiache ikauke kabisa. Weka mpira kwenye kibano kwanza, funga kifuniko, pima ulegevu, ndipo ubandue karatasi upande mmoja baada ya mwingine. Ukibandika pedi kabla ya kuweka mpira, utabonyeza kifuniko juu ya paja la mgonjwa na kumuumiza. Badilisha kila baada ya siku 7, au mapema ikianza kuinuka pembeni. Hapa Kisumu joto na jasho la pajani hulegeza gundi mapema. Nakuru kwenye baridi, pedi hiyo hiyo mara nyingi humaliza wiki yake. Kuitoa, lowesha kingo kwa spiriti na usukume ngozi chini badala ya kuivuta pedi juu. Ngozi ya mzee hubanduka pamoja na gundi.

Kwa mtu wa nyumbani, sisi tunapendelea mkanda wa paja kuliko gundi. Unafuliwa, haubandui ngozi, na fundi yeyote wa Kibuye anaweza kuushona. Mpelekee vipimo hivi. Lastiki laini ya upana wa sentimita 5. Nyembamba zaidi hujikunja na kukata ngozi. Urefu ni mzingo wa paja mgonjwa akiwa amesimama, kuongeza sentimita 8 za kupishana. Mwisho mmoja ushonwe velkro ya sentimita 8, upande laini wake ushonwe mwisho wa pili, urefu mara mbili ili uweze kurekebishwa. Katikati, upande wa nje, shona ulimi wa velkro wa upana wa sentimita 2 na urefu wa 10, ushonwe kwa mstari mmoja tu katikati yake, ili mabawa yake mawili yafunike njia panda ya mpira na kushikana juu. Kingo ngumu za velkro zisiguse ngozi. Shonesha miwili, mmoja ufuliwe mwingine ukivaliwa. Vidole viwili vipite chini ya mkanda bila kulazimisha. Ufunguliwe asubuhi na jioni ngozi itazamwe. Aliyevimba miguu, mwenye donda la kisukari au mwenye mishipa ya damu iliyoziba asifungwe mkanda wa kuzunguka. Huyo afungiwe tumboni kwa plasta.

Plasta nayo, ikifanywa sawasawa, inatosha kabisa, na ndiyo tuliyo nayo kila mahali. Kosa ni kubandika kipande kimoja kuupitia mpira na kuugandamiza kwenye ngozi. Kipande hicho kinaubana mpira, kinaacha alama ndefu kwenye paja, na kikilegea upande mmoja chote kimeachia. Fanya hivi. Chukua plasta ya upana wa sentimita 5. Kata kipande cha kwanza cha sentimita 10 na ukibandike kwenye ngozi safi iliyokauka. Hiki ni msingi, na kitakaa siku kadhaa. Kata cha pili cha sentimita 15. Kipitishe juu ya mpira pale kwenye njia panda, upande wenye gundi ukitazama chini, katikati ya kipande ikiwa imeukumbatia mpira. Sasa bana gundi kwa gundi chini ya mpira mpaka pasimame shingo ya plasta ya sentimita 1. Ncha mbili zilizobaki zifungue kama mabawa na uzibandike juu ya msingi, moja kulia, moja kushoto. Mpira sasa hauigusi ngozi. Unaning'inia kwenye shingo yake, unaweza kuyumba upande huu na ule, lakini hauwezi kusafiri. Kila plasta ya juu inapochafuka, unabadilisha hiyo peke yake. Msingi unabaki na ngozi inapumzika. Kwenye bawa moja andika kwa kalamu: tarehe, Fr ngapi, mililita ngapi za puto. Atakayeutoa kule Siaya au Bungoma atajua ni maji kiasi gani anayatarajia kwenye sirinji.

Gundi ya zamani huondolewa kwa mafuta kidogo ya kupikia kwenye pamba, lakini mbali na mpira, na ngozi ioshwe kwa sabuni baadaye, la sivyo plasta mpya haitashika.

Tuje kwenye mfuko na safari. Mpira ulioshikwa vizuri bado unaweza kung'olewa na mfuko uliosahauliwa, na hutokea zaidi wakati wa kumhamisha mgonjwa. Kwa hiyo kuwe na amri moja wodini: mfuko kwanza, mgonjwa baadaye. Kabla ya kumwinua kwenda kwenye machela, mmoja autoe mfuko kwenye ndoano, aumwage ikiwa umefika theluthi mbili, auweke mahali utakapokuwa, kisha aseme kwa sauti "mfuko uko tayari." Kitandani, mrija wa mfuko nao ushikwe kwenye shuka kwa kibano au kwa plasta iliyokunjwa, ili mvuto uishie kwenye shuka. Mfuko uwe chini ya kibofu siku zote, wala usiguse sakafu.

Anayerudi nyumbani kwa boda boda avae mfuko wa mguuni wa mililita 500 hadi 750, ufungwe kwa mikanda miwili kwenye shavu la mguu upande wa ndani, chini ya suruali au leso, mbali na ekzosi. Aumwage kabla ya kupanda. Asikae kwa kupanua miguu kabla hajapima kwamba mpira haukazi katika mkao huo. Kwenye matatu watu hupakata mfuko mkubwa ndani ya karatasi ili abiria wasiuone. Tunaelewa aibu hiyo, lakini mfuko ukiwa mapajani mkojo unarudi kuelekea kibofuni. Kikapu kidogo chenye mpini, kilichowekwa kati ya miguu, kinauficha vilevile na kinauweka chini. Kumbuka tu kumwonya: asisimame kituoni kabla ya kukishika kikapu mkononi.

Mgonjwa aliyechanganyikiwa atauvuta mpira anaouona. Usikimbilie kumfunga mikono. Pitisha mpira ndani ya suruali hadi kwenye mguu, vaa mfuko wa mguuni, na uangalie kwanza kama anauvuta kwa sababu unamuuma au umeziba.

Siku ya kutoa, chomeka sirinji tupu kwenye vali na uiache ijijaze yenyewe kwa nusu dakika au zaidi. Ukivuta kwa nguvu, kuta za njia nyembamba hunywea na kushikana, na utasema puto limegoma. Likigoma kweli, kagua kama kuna kitu kinabana mpira, mgeuze mgonjwa upande mwingine, ongeza mililita 1 ya maji ili kufungua njia, kisha ngoja tena. Badilisha sirinji. Usilijaze mpaka lipasuke, kwa kuwa vipande hubaki kibofuni na kuzaa mawe. Usikate mpira, ukikatwa unaweza kuzama ndani na puto likiwa bado limejaa. Mpeleke kwa anayeweza kulitoboa kwa kuongozwa na skani.

Na mpira ukishang'oka puto likiwa limejaa, mhamasishaji aliye nyumbani asijaribu kuurudisha. Alaze mgonjwa, abonyeze kwa kitambaa safi penye damu, aukague mpira kama puto limetoka zima, auweke kwenye mfuko safi na aende nao hospitalini. Kipande kilichokosekana ni habari ambayo daktari anaihitaji. Mwanamume aliyeng'oka mpira hivyo huenda akapata kovu linaloziba njia miezi baadaye, kwa hiyo aambiwe arudi akiona mkojo unatoka kwa mkondo mwembamba.

Yapo mazingira mawili ambamo puto hutumiwa kukandamiza kwa makusudi. La kwanza ni baada ya upasuaji wa tezi dume. Daktari hujaza puto la mililita 30 au zaidi, huuvuta mpira na kuufungia pajani ukiwa umekaza, ili puto libane mahali panapovuja damu. Hiyo ni dawa yenye saa zake. Saa ya kuanza na saa ya kulegeza ziandikwe kwenye plasta na kwenye faili, na anayepokea zamu aulize. Mvuto uliosahauliwa hadi kesho yake unaharibu kilichookolewa. Mguu huo usikunjwe, maana ukikunjwa mvuto umekwisha na damu inarudi.

La pili ni kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, pale ambapo dawa zimeshindwa na linawekwa puto la mfuko wa uzazi lililotengenezwa kwa kondomu iliyofungwa juu ya mpira wa Foley. Hapa puto la Foley lenyewe halijazwi. Kondomu ndiyo hupokea mililita 250 hadi 500 za maji, na kifundo chake hufungwa mara mbili ili kisivuje, lakini bila kuufinya mpira mpaka maji yasipite. Shashi (gozi) inayojazwa ukeni huzuia puto lisisukumwe nje, na mpira hubandikwa pajani bila mvuto wowote. Mama huyo huyo ana mpira wa pili wa mkojo, unaofanana na ule wa kwanza kabisa. Bandika mmoja paja la kulia na mwingine la kushoto, na kila mmoja uandikwe kwa herufi kubwa: UZAZI, MKOJO. Mtu akikosea saa nane za usiku na kutoa maji ya puto lisilo lake, damu inaanza upya. Na puto hili ni la kituo chenye njia ya kumfikisha mama kwenye damu na upasuaji. Gari liitwe wakati linapowekwa, bila kungoja kuona kama litafaulu.

Mezani kuna plasta za sentimita 5, mikasi, mipira ya Fr 14 na 16, na mikanda mitatu iliyoshonwa kwa vipimo tulivyotaja. Kila wawili wachukue mpira mmoja. Mmoja awe mgonjwa, avae juu ya suruali au leso yake. Mwingine akate kipande cha sentimita 10 na cha 15. Mkimaliza, "mgonjwa" anyooshe mguu, akae, asimame. Tutapita kutazama shingo zenu za plasta na kupima ulegevu kwa rula.